Kitu kinachokwenda kisicheze pichani: shata ya haraka, lenzi ya tundu kubwa, flashi au kusindikiza?

Saa kumi na moja na nusu jioni, ukutani Forodhani, Mji Mkongwe. Vijana wamejipanga. Anayefuata anarudi nyuma hatua kumi, anakimbia, anapiga ukingo wa ukuta kwa mguu mmoja, anajikunja hewani, kisha baharini. Watu wamejaa, simu ziko juu. Na simu nyingi zitarudi nyumbani na picha ileile: bahari imetulia, jua limependeza, na katikati kuna kitu cheusi chenye mkia kama moshi, ambacho mwenye simu peke yake ndiye anayejua kuwa ni mtu.

Napiga picha za harusi hapa Unguja, upande wa akina mama, na Forodhani ndipo ninapojinoa. Kwa saa mbili tu unapata mwanga wa kila namna: jua la ubavuni, jua linalozama, kisha giza lenye taa za wauza mishikaki na juisi ya miwa. Na kila kitu kinakwenda. Wasichana wanaoanza kazi hii huniuliza swali moja kuliko yote: nifanye nini picha zisicheze? Siwezi kujibu kwa neno moja. Ziko njia nne, zote za kweli, na nimeona watu wakitoa pesa nyingi kwa njia moja kumbe shida yao ilikuwa inataka nyingine.

## Kwanza, picha imechezaje?

Kuza picha iliyoharibika na uitazame vizuri. Kama kila kitu kimevutika, mtu, ukuta na mashua za nyuma, tena kwa upande mmoja, aliyecheza ni wewe: mkono ulitikisika. Kama mtu hana makali lakini kitu kilicho mbele yake au nyuma yake kimekaa sawasawa, hapo fokasi ilikosea. Kama ukuta ni mkali kama wembe na mtu ndiye mwenye mkia, basi hicho ndicho ninachokizungumzia hapa: mwendo wa unayempiga.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna kosa ghali linalorudiwa kila siku. Kitulizaji kilichomo ndani ya lenzi au simu hutibu mtikisiko wa mkono tu. Hakimtulizi mtu anayeruka. Unaweza kuweka kamera juu ya stendi ya chuma, na kijana akaendelea kuwa moshi.

Tazama hesabu yake. Mwili ulioanguka kutoka urefu wa mita 3 hufika majini kwa mwendo wa karibu mita 7.7 kwa sekunde. Shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, ikikaa wazi kwa 1/60 ya sekunde, mwili unakuwa umesafiri sentimeta 13, zaidi ya nusu ya uso wa mtu. Kwa 1/250 ni sentimeta 3, pua na mdomo vimeshaingiliana. Kwa 1/1000 haifiki sentimeta moja, na hapo ndipo macho yanaanza kuonekana kuwa ni macho.

Lakini kuna zawadi ambayo haiuzwi dukani. Anayeruka akifika juu kabisa, kabla hajaanza kushuka, kuna kitambo kidogo ambacho hapandi wala hashuki. Anakwenda mbele tu. Ukimpata pale, 1/500 inafanya kazi ambayo chini kidogo ingetaka 1/1000. Vivyo hivyo kwa upande uliosimama: anayekuja moja kwa moja kwenye lenzi huvutika kidogo sana kuliko anayekatiza mbele yako. Kuchagua kitambo na mahali pa kusimama hakugharimu hata senti, na kunasaidia njia zote nne. Anza hapo.

## Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: inausimamisha mwendo kiasi gani, inataka mwanga upi, inagharimu fedha kiasi gani, inapoteza nini kwenye picha, na inamfaa nani. Kwangu la nne ndilo zito zaidi. Hakuna njia inayouzuia mwendo bure. Moja itakuachia chenga (punjepunje juu ya picha), nyingine itakunyima kina (ukubwa wa eneo lenye makali), ya tatu itakuchukulia hali ya mahali, ya nne itakuharibia picha ishirini ikupe moja. Unachochagua hasa ni hasara ambayo unaweza kuivumilia.

## Shata ya haraka na ISO ya juu

Mwendo. Hii ndiyo njia ya moja kwa moja. Mtu anayetembea hutulia kwa 1/250, anayekimbia kwa 1/500, mpira wa miguu na wanaoruka Forodhani kwa 1/1000, ndege anayepiga mbawa kwa 1/2000 au zaidi. Weka kamera kwenye modi ya kutanguliza shata (kwenye gurudumu huandikwa S au Tv), amua namba yako, kisha iachie ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ijipange yenyewe.

Uwezo wa njia hii ni mkubwa kuliko jicho. Mwaka 1878, Palo Alto huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, kila moja ikifyatuliwa na uzi uliokatwa na farasi mwenyewe akipita. Wachoraji walikuwa wamezoea kuchora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu mbele na nyuma. Picha zikaonyesha kwamba kwato zote nne huachana na ardhi wakati miguu imekusanyika chini ya tumbo. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo, ingawa farasi walikuwa wakipita mbele ya watu kila siku.

Mwanga. Hapa ndipo mtihani ulipo. Saa kumi na moja na nusu, kwa lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera, ISO 400 na tundu la f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi) hunipa kama 1/1600, na nina raha. Jua likigusa bahari, mpangilio uleule unanipa 1/500, kwa hiyo napandisha ISO hadi 800 nirudi kwenye 1/1000. Dakika ishirini baadaye niko ISO 6400 na bado shata inashuka. Sisi tulio karibu na Ikweta jioni yetu ni fupi, giza halibishi hodi mara mbili. Ukiseti mara moja ukasahau, nusu ya pili ya jioni yote itacheza.

Ndani ya ukumbi mambo ni magumu zaidi. Kumbi nilizozizoea hunipa 1/30 kwa f/5.6 na ISO 3200. Nikitaka 1/500 kwa kupandisha ISO peke yake, natakiwa kufika 51200. Kamera nyingi za kuanzia ama haziruki hadi huko ama zikifika zinaleta uji.

Kuna jambo jingine la ukumbini ambalo kwalo wengi huilaumu kamera. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/1000 inaona: fremu moja nyeupe, inayofuata ya manjano, nyingine ina mistari ya giza iliyokatiza uso wa bibi harusi. Dawa ya taa hizo ni 1/100 au 1/50, na hizo ni polepole mno kwa ngoma. Kamera nyingine zina kipengele cha kuzuia mpepeso wa taa. Kitafute kwenye menyu. Mimi hufika ukumbini kabla ya wageni, napiga fremu kumi za ukuta mweupe kwa shata ninayoitaka. Zikitofautiana rangi, najua usiku ule nitahitaji njia nyingine.

Fedha. Haitaki kitu kipya. Ni kugeuza gurudumu.

Kinachopotea. Usafi wa picha. Chenga zinaingia, rangi za kanga zinachuja, weusi wa nywele unapoteza mistari yake. Hata hivyo nina msimamo hapa: kati ya chenga na mkia, chukua chenga. Chenga zinapunguzwa na programu za kuhariri, na picha ikichapwa kwa ukubwa wa albamu nyingi hazionekani. Uso uliovutika haurudishwi na programu yoyote. Jambo moja tu: usipige picha giza kwa kuogopa ISO ukitumaini kuing'arisha baadaye. Chenga zitakazotoka ni mbaya kuliko zile ulizozikimbia.

Anayefaa. Anayepiga mchana na nje: michezo ya shule, mashindano ya ngalawa, watoto ufukweni. Pia mtu yeyote ambaye bado hajajua tatizo lake liko wapi, kwa sababu kujaribu ni bure.

## Lenzi yenye tundu kubwa

Nilinunua lenzi yangu ya kwanza ya aina hii kwa uchungu. Kwenye harusi moja, bibi yake bi harusi, mtu mzima sana ambaye usiku kucha alikuwa amekaa kitini, aliinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Alikwenda akicheza taratibu, noti kaishika juu ya kichwa, mkono unapepea. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Mimi nilikuwa na lenzi ya kawaida, shata 1/30, na nilijua nilipobonyeza kuwa imeshindikana. Buibui lake limetoka, kiti alichokiacha kimetoka, lakini mkono na noti ni ukungu, na uso una macho manne. Hakuinuka tena usiku ule. Familia wameitundika picha hiyo hivyohivyo ukutani kwa sababu hawana nyingine, na kila nikienda pale naiona.

Mwendo. Lenzi yenyewe haizuii chochote. Inaingiza mwanga ili wewe upate shata ya haraka bila kuivuruga ISO. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 mwanga unaongezeka mara nne. Hadi f/1.8 ni karibu mara kumi. Ule ukumbi wa 1/30, kwa f/1.8 na ISO ileile 3200, unakuwa wa kama 1/320. Ukipandisha ISO hatua moja tu, yaani mara mbili, unapita 1/600. Mkono wa bibi ungetoka.

Mwanga. Inafanya kazi kwenye mwanga uliopo, na huo ndio uzuri wake. Taa za jukwaani zinabaki nyekundu na buluu kama zilivyokuwa, jiko la mwuza mishikaki Forodhani linabaki jekundu, na moshi wake unabaki na rangi. Ikiwa hakuna mwanga kabisa, lenzi haina cha kukusanya.

Fedha. Kuna ngazi. 50mm f/1.8 ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko nyingi kwa kila kampuni kubwa ya kamera, na ukiipata iliyotumika ni nafuu zaidi. Lenzi ya kuvuta ya 70-200mm f/2.8 ni habari nyingine kabisa. Bei yake inanunua kamera ya kuanzia zaidi ya moja, na bega litaijua kabla ya saa mbili kupita. Usidhani unahitaji ya pili kabla hujaimaliza ya kwanza.

Kinachopotea. Kina. Kwa 50mm kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ndiyo inayopokea mwanga ndani ya kamera), ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu na tundu liko f/1.8, eneo lenye makali ni kama sentimeta 12. Anayecheza akisogea nusu hatua ameshatoka nje yake. Ndiyo maana watu wengine hununua lenzi hii na kulalamika kwamba picha bado hazitulii: waliuponya mwendo wakaambukizwa fokasi. Washa fokasi ya kufuata (AF-C, au AI Servo kwa Canon), lenga jicho, piga fremu kadhaa mfululizo. Na ukipiga watu watatu waliosimama kwa kupishana, funga tundu hadi f/2.8 au f/4, ama kubali kwamba mmoja tu ndiye atakayekuwa mkali.

Pia 50mm haivuti. Ukitaka mtu wa mbali, unatembea. Kwenye harusi za kwetu, ambako hakuna anayekuzuia kusogea karibu na jukwaa, hilo si tatizo. Kwenye uwanja wa mpira ni tatizo kubwa.

Anayefaa. Wa kumbini, jukwaani, jikoni, misikitini kwenye maulidi, na kila mahali ambapo mwanga ni mdogo lakini ni mzuri na unataka ubaki ulivyo.

## Flashi

Mwendo. Kwa uwezo wa kukata mwendo, hakuna inayoifikia. Sababu yake ni hii: penye giza, shata ikiwa wazi hakuna kinachoandikwa mpaka flashi iwake. Kwa hiyo muda wa picha si muda wa shata tena, ni muda wa mmweko. Na mmweko wa flashi ya kawaida ya juu ya kamera, ukiishusha nguvu hadi 1/16 au chini ya hapo, hudumu sehemu ya elfu kadhaa ya sekunde. Harold Edgerton wa chuo cha MIT alitumia mimweko mifupi hivyo kupiga tone la maziwa likigonga sahani na kusimama kama taji. Picha yake maarufu ya rangi ni ya mwaka 1957. Tone la maziwa ni la haraka kuliko bega la mtu yeyote.

Angalia hapo: ukishusha nguvu, mmweko unakuwa mfupi zaidi. Wengi hufanya kinyume, wanawasha nguvu zote wakidhani ndiyo itasimamisha vizuri, kumbe nguvu zote ndizo zenye mmweko mrefu.

Mwanga. Inapenda giza. Mchana au jioni yenye mwanga, picha inaandikwa mara mbili: mara moja na flashi, mara nyingine na mwanga wa mahali, na matokeo yake ni mtu mkali aliyevaa kivuli chake mwenyewe. Kamera nyingi hazikubali flashi juu ya 1/200 au 1/250. Ukipita hapo bendi nyeusi inafunika sehemu ya picha. Ipo modi ya flashi kwa shata za juu, lakini ile hupiga mimweko midogo mfululizo, nguvu inashuka sana, na ule ukataji wa mmweko mmoja unatoweka.

Umbali nao una hesabu kali. Ukienda mara mbili ya mbali, mwanga unaofika ni robo. Ndiyo maana flashi ya simu kuelekea vijana wanaoruka upande wa pili wa ukuta inaangaza migongo ya waliosimama mbele yako, basi.

Fedha. Kati na kati. Flashi za kampuni zisizo na jina kubwa zinapatikana kwa bei ambayo kazi moja au mbili zinarudisha. Ongeza betri, hesabu seti mbili kwa usiku mmoja.

Kinachopotea. Hali ya mahali. Ukumbi wa rangi unageuka chumba cha picha ya pasipoti: uso mweupe, nyuma giza. Kuna namna ya kulipunguza hilo. Geuza kichwa cha flashi kwenye dari jeupe, mwanga ushuke kama wa dirishani. Au shusha shata hadi 1/60 ili taa za nyuma ziingie, ukijua kwamba ukungu kidogo nao utaingia. Lakini dari likiwa la mbao nyeusi au la juu mno, ujanja huo haupo.

Na kuna hasara ambayo haionekani pichani. Flashi inatangaza. Kwenye shughuli za akina mama, mtu amevua buibui kwa sababu yuko kwa wenzake, na kila mmweko unamkumbusha kuwa sura yake imechukuliwa. Mimi huomba ruhusa kwa mwenye shughuli mwanzo kabisa, na asiyetaka nampita. Pale Forodhani simpigi flashi usoni kijana anayekimbilia ukingo ulioloa maji. Akipofuka kwa nusu sekunde, mguu utatua pabaya.

Anayefaa. Mwenye kazi ya kulipwa gizani, karibu na watu waliokubali, ambaye hawezi kurudi na jibu la "mwanga ulikuwa mdogo".

## Kusindikiza

Njia hii inageuza swali. Badala ya kukisimamisha kinachokwenda, unakwenda nacho. Unakizungushia kamera kwa mwendo wake, shata ikiwa ya polepole. Kinachokwenda kinabaki mkali na dunia ya nyuma inavutika kuwa mistari.

Mwendo. Mwendeshaji baiskeli ni 1/30, pikipiki na daladala ya mjini ni 1/60 hadi 1/125, gari la mashindano la Safari Rally kule Naivasha linaweza kufika 1/250 na bado magurudumu yakaonekana yanazunguka. Haikati kila kitu: kifua cha mwendeshaji kitatulia, magoti yake yanayopanda na kushuka yatabaki na ukungu. Hilo ni sawa, ndilo linalosema anakwenda.

Nenda Darajani asubuhi, ukingoni mwa Barabara ya Benjamin Mkapa ambayo wazee bado wanaiita Creek Road. Vidole vya miguu vielekee pale utakapobonyeza, kisha pinda kiuno kumfuata anayekuja. Muanze mbali, mfuate, bonyeza bila kusimama, endelea kumfuata hata baada ya mlio wa shata. Kosa la karibu kila anayeanza ni kusimamisha mkono wakati wa kubonyeza, kama anayepiga mhuri. Mara nilipoacha hilo, mtu wa baiskeli aliyebeba kreti za mayai nyuma alinitokea kamili: naliona yai moja moja, na nyuma yake soko zima limekuwa mistari ya nyekundu na kijani.

Mwanga. Kinyume cha njia nyingine, hapa mwanga mwingi ndio adui. Jua la saa sita, ISO 100 na tundu f/16, bado linakupa karibu 1/100. Huwezi kufika 1/30 bila kioo cheusi mbele ya lenzi. Asubuhi na jioni ni wakati wake, na kivuli cha majengo marefu kinasaidia.

Fedha. Hakuna. Kioo cheusi ukitaka, basi. Lenzi nyingi za kuvuta zina swichi ya kitulizaji yenye modi ya pili iliyotengenezwa kwa kazi hii. Iwashe kama ipo.

Kinachopotea. Picha nyingi. Nikipata tatu katika thelathini siku hiyo nimeshukuru. Na inataka mtu anayekwenda kwa mstari, kwa mwendo wa sawa, mbele ya kitu chenye rangi na vipande. Ukuta mweupe mtupu hauonyeshi mistari. Anayeruka na kujipindua baharini hasindikiziki, kwa sababu mikono inakwenda huku na miguu kule. Mcheza ngoma ni hivyohivyo.

Anayefaa. Mwenye muda na asiyedaiwa picha fulani. Kwa kitu kinachorudi tena na tena, kama baiskeli, magari, watoto kwenye bembea, ni furaha tupu. Kwa bibi aliyeinuka mara moja, usithubutu.

## Kama una simu tu

Simu nyingi haziwezi kubadili tundu, kwa hiyo umebaki na shata, mwanga na kitambo. Zima modi ya usiku: inaunganisha fremu nyingi zilizochukuliwa kwa sekunde moja au zaidi, na anayekwenda ndani yake lazima ayeyuke. Simu nyingi za Android zina modi ya Pro ambayo inakuruhusu kuweka shata mwenyewe. Weka 1/1000 ukiwa nje na uone ISO inapanda wapi. Piga fremu mfululizo badala ya moja. Futa kioo cha kamera kwa kanga yako, maana mafuta ya vidole yanafanana sana na ukungu wa mwendo. Na usishangae gurudumu likitoka limepinda kama yai: sensa ya simu husoma picha mstari kwa mstari, na kitu cha haraka kinakuwa kimehama kabla mstari wa mwisho haujasomwa. Hilo haliponi kwa kuongeza kasi ya shata. Rudi nyuma kidogo, au mpige akija mbele yako.

## Kwa hali yako

Mtoto wako anacheza mpira uwanja wa vumbi saa kumi jioni: shata 1/1000, ISO ijipange, simama nyuma ya goli ili wachezaji waje kwako badala ya kukukatiza. Usinunue chochote mwaka huu.

Umeanza kupata kazi za kumbini na pesa yako inatosha kitu kimoja: kama mwenye shughuli anapenda picha zenye rangi za taa zake, nunua 50mm f/1.8. Kama anataka kila mgeni aonekane sawasawa na dari ni jeupe na la chini, nunua flashi. Ukipata vyote viwili baadaye, lenzi itumike wakati wa kucheza, flashi wakati wa makundi na kukata keki.

LED zinapepesa na hujui la kufanya: shata 1/100, flashi ya kupiga darini, taa za nyuma ziachie zififie.

Unataka kuonyesha mwendo wenyewe, haraka ya mji, pikipiki ya asubuhi: sindikiza, na uende na kadi yenye nafasi.

Wanyama mbugani, asubuhi kabla jua halijapanda: shata ya haraka na ISO ya juu bila kuogopa chenga, gari lizimwe injini, kwa sababu mtetemo wake unaingia pichani na utadhani duma ndiye aliyecheza.

Na Forodhani jioni, natumia zaidi ya moja. Jua likiwapo, shata ya 1/1000. Likizama, lenzi ya f/1.8, na badala ya kuwasubiri wakianguka nawasubiri pale juu, wanapokoma kupanda. Likishapotea kabisa naiweka kamera begani na kununua glasi ya miwa. Juzi kijana mmoja alitoka majini, maji yanamchuruzika, akanijia moja kwa moja: "Anti, ilitoka?" Nikamgeuzia kioo. Aliikuza kwa vidole vilivyoloa mpaka akafika usoni kwake, macho yamefumbwa, mashavu yamejaa hewa, na tone moja la maji limesimama kando ya sikio. "Kumbe nafumba macho," akasema, akakimbia kurudi kwenye foleni.